Shangazi, mbona wasichana wanatoroka kikundi chetu?

SWALI: Habari Shangazi. Mimi na mabeste wangu wawili tunafunza watoto jioni kwa ukumbi wa kanisa hapa Mathare, homuweki, kusoma vitabu, na kompyuta tatu tulizopewa. Tunaanza saa kumi na moja tunafunga saa moja. Muhula ukianza wasichana wa Gredi ya 6 na 7 wanajaa, ikifika katikati wamebaki wanne, wavulana wote bado wako. Mpaka pedi tunawagawia kila Jumatatu na bado wanapotea. Naona wazazi wao hawajali tu. Tufanye nini?
Mwalimu wa kujitolea

JIBU: Mwanangu, wazazi tuwaache kwanza. Niambie, mkimaliza nani hufagia huo ukumbi? Vikombe vya uji nani anaosha? Nauliza juu nimeingia vikundi kadhaa vya hivi, na mara nyingi nakuta msichana wa miaka 12 ameshika ufagio, mvulana wa miaka 12 ameshika kompyuta, na ukiuliza nani alipanga hivyo hakuna, imetokea tu. Na akiwa ameanza kuota matiti ndio kabisa, anaitwa mathe, anatumwa dukani, anaachiwa watoto wadogo awachunge. Sasa huyo ametoka kazi za nyumbani akaja kwenu kufanya kazi za nyumbani, hata mimi ningehepa.

Huko Marekani, 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown waliuliza watu wazima maoni yao kuhusu wasichana weusi, wakakuta kuanzia miaka 5, mitano tu, wanaonekana wakubwa kuliko wazungu wa rika lao, eti hawahitaji sana kulindwa wala kubembelezwa. Kwao ni mambo ya rangi, sisi hapa sote weusi, lakini huyo mathe wenu wa miaka 12 naye nani anambembeleza?

Si eti wasifagie. Hapo hapo Mathare kuna MYSA, chama cha michezo cha vijana, tangu 1987 wanacheza mpira na kuzoa taka, na timu ikisafisha mtaa inapata pointi kwa ligi. Ufagio ukiwa na pointi utashangaa vile wavulana wanaukimbilia. Nyinyi wekeni zamu, na kwa kompyuta pia zamu, kwa saa, si kwa mwenye kiwiko kikali.

Pedi mmefanya vizuri, lakini kuzigawa Jumatatu wavulana wakiangalia, aii, hapana. Weka kwa kikapu chooni, achukue mwenyewe, na msihesabu.

Halafu hiyo saa moja. Jua linazama saa kumi na mbili unusu hivi, giza linaingia haraka, na mama anataka binti yake awe ndani, tena kuna mtungi wa maji unamngoja. Kanuni za elimu za 2015 zilisema shule zimalize hata michezo saa kumi na dakika 45, kwa hivyo mnaweza kuanza mara moja mkatoka saa kumi na mbili kamili. Na akija na mdogo wake mgongoni mpokeeni, tandikeni mkeka.

Sasa wazazi. Usiwaandikie barua. Nenda kibandani kwa mama, nunua sukuma, uliza anamhitaji binti saa ngapi, ndio mpange na yeye.

Na hao wanne waliobaki waulizeni wenzao walienda wapi, wanajua. Ila awaulize mwalimu wa kike, na kama nyinyi watatu wote ni wanaume basi hiyo ni shida ingine, niandikie tena.