Skana isikutume dukani: kwa wadogo wanaoanza umeme wa injini hapa Goma

Wadogo zangu mnaoingia garaji sasa, wengi mnakuja na simu yenye programu ya kusoma kodi za makosa na kale kachombo ka bluetooth, ndiyo skana. Ni vizuri. Ila mkimtuma mteja kwenye maduka ya Birere kununua sensa kila mara skana inapotaja sensa, mtamfilisi, na kifaa cha umeme kikishafungwa kwenye gari, muuzaji hakipokei tena.

Kodi inasema kompyuta imeona nini. Haisemi kwa nini. Chukua kodi P0171: mchanganyiko una hewa nyingi mno kwa esansi (petroli) iliyopo. Wengi wanakimbilia sensa ya oksijeni kwa kuwa ndiyo iliyoleta habari. Mjumbe hauawi. Fungua data za papo hapo, tafuta STFT na LTFT, yaani marekebisho ya mafuta ya muda mfupi na ya muda mrefu, kwa asilimia, ujumlishe. Namba ikiwa juu ya sifuri, kompyuta inaongeza mafuta. Ikipita 10 kwa mia, kuna jambo. Sasa linganisha: injini ikiwa imetulia bila kukanyagwa, kisha ikishikiliwa kwenye mizunguko kama 2500 kwa dakika. Ikiwa namba ni kubwa kwenye utulivu na inashuka ukikanyaga, hewa inaingia kwa mlango wa nyuma: paipu ya vakyumu iliyopasuka, au gasketi ya manifoldi, lile bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Ikiwa inapanda kadiri unavyokanyaga, angalia pampu ya esansi, filta yake, au sensa inayopima hewa inayoingia.

Hiyo sensa ya hewa ndiyo inayoteseka zaidi kwetu. Vumbi la mawe ya volkano ni kali, na filta za bei rahisi hazifungi vizuri kwenye ukingo. Vumbi linakaa kwenye kawaya kembamba ndani ya sensa, nayo inadanganya kwamba hewa ni kidogo. Ioshe kwa dawa yake ya kupuliza, iache ikauke, usiiguse kwa kitambaa wala kwa kompresa. Filta mbovu ukiiacha palepale, gari litarudi, na mteja atasema hujui kazi.

Jambo jingine ambalo vitabu havitakuambia, maana vingi vimeandikwa kwa watu wa pwani. Goma iko karibu mita 1500 juu ya bahari. Kwenye gari lenye sensa ya presha ya manifoldi, kama Honda na Suzuki nyingi, ukifungua kontakti (ufunguo kwenye ON) bila kuwasha injini, kitabu kinataka uone karibu 101 kPa (kilopaskali, kipimo cha presha). Hapa utaona kama 85. Sensa ni nzima. Ndiyo hewa ya kwetu. Ukiona 101 hapa Goma, hapo ndipo uanze kuishuku.

Kabla ya kulaumu sensa yoyote, shika multimeta. Sensa nyingi za nyaya tatu zina waya wa volti 5, waya wa ardhi na waya wa ishara. Chomoa plagi ya sensa, fungua kontakti, pima. Volti 5 hazipo? Usiseme kompyuta imekufa, tafadhali. Mara nyingi sensa nyingine inayokula kwenye laini hiyohiyo imeshoti na kuzivuta chini. Chomoa moja moja huku jicho likiwa kwenye multimeta. Ile ambayo ukiichomoa volti zinarudi, umeipata. Kompyuta ni ya mwisho kabisa kushukiwa, ingawa ndiyo watu wanapenda kuuziana.

Ardhi nayo husahauliwa na nani? Sisi sote. Weka waya mmoja wa multimeta kwenye kichwa hasi cha batri, mwingine kwenye chuma cha injini, mwenzako apige stata. Ikipita nusu volti, kebo ya ardhi imeoza au boliti ina kutu. Gari ambalo mota yake inaoshwa kwa presha ya maji kila wiki lina makosa ya namna hii, yanayokuja na kuondoka.

Usifute kodi kabla ya kuiandika. Ukifuta, unapoteza pia ile picha ya hali ya injini wakati kosa lilipotokea: joto, mizunguko, mwendo. Hata swali la mteja, "Chef, hii taa haizimike?", lisikufanye ufute haraka ili alipe aondoke.

Na muulize anaweka esansi wapi. Ya bidoni za kando ya barabara mara nyingine ina maji, na injini inakosa moto kwenye silinda yoyote, P0300, huku buji (plagi za moto) na koili zote zikiwa nzima. Chota kidogo kutoka tangini kwenye chupa inayoonyesha ndani, iache itulie. Maji yatakaa chini.

Ukimaliza, toka na gari mpaka upande wa Sake likiwa limepata joto, kisha usome tena zile namba mbili, STFT na LTFT. Zikirudi karibu na sifuri, mrudishie mtu gari lake.