Lifti za mlima wa theluji, viti vinavyoning'inia kwenye waya kupandisha watu, zimefungwa na jua linawaka?
Si uvivu wa wafanyakazi, ni barafu. Pale Whakapapa, eneo la kuteleza kwenye theluji katika mlima Ruapehu, New Zealand, mawingu yenye unyevu yakipita usiku, matone huganda papo hapo kwenye nguzo, waya na magurudumu yanayoubeba. Asubuhi watu hupanda nguzo moja moja na nyundo, wanaigonga barafu mpaka ibanduke. Wakiwasha mitambo kabla ya hapo, waya unaweza kuchomoka kwenye magurudumu. Halafu kuna upepo: kiti kitupu ni chepesi, kinayumba hadi karibu na nguzo, na huko juu ndiko unakovuma zaidi. Kabla hujanunua tiketi, angalia hali ya kila lifti, usitegemee picha ya kamera peke yake.