Chumvi imezima toniki, mwanga umeenda wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina duka hapa Tanga na nina ile taa ya UV ya kukagulia noti feki. Juzi usiku nikamulika glasi ya soda ya toniki ikawaka bluu mpaka raha, mwanangu akatia kijiko cha chumvi, mwanga ukafifia karibu kuisha. Soda imeharibika? Na mwanga umeenda wapi wakati taa bado inamulika?

JIBU: Marahaba, na mtoto umpe hongera zangu. Haijaharibika. Kinachowaka humo ni kwinini, ileile dawa chungu ya malaria, na bado ipo yote, iongezee toniki isiyo na chumvi utaona ubluu unarudi kidogo kidogo. Mwaka 1852 mwanasayansi George Stokes alishaonyesha kwamba kwinini inameza miale ya UV tusiyoiona halafu inaitema ikiwa bluu.

Sasa sikia. Molekuli ikimeza mwanga elektroni yake inapanda ngazi ya juu ya nishati, inakaa huko kama nanosekunde 20 hivi (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde) ndo inashuka na kutema mwanga. Kwetu hiyo ni chini ya kufumba na kufumbua lakini kwa molekuli ni muda mrefu sana, kwenye maji kila kitu kinagongana muda wote, na chumvi ikiyeyuka inaachia ayoni za kloraidi, yaani chembe za klorini zenye chaji, zikiigonga kwinini kabla haijatema mwanga inashuka kwa njia nyingine, ile nishati inaishia kwenye mitikisiko na maji yanaichukua kama joto, dogo mno hata kidole hakisikii. Na hata bila chumvi zipo molekuli zinazoshuka kimya kimya, bila kutema mwanga, kwenye asidi ya salfuri ambako kwinini inawaka vizuri kabisa ni kama 55 tu kati ya 100 zinazotoa mwanga.

Mimi hii njia ya kimya ndo naipenda zaidi, maana ndiyo inayotulinda juani. DNA yetu ikimeza UV mara nyingi inaigeuza joto ndani ya muda usiofika hata sehemu moja ya trilioni ya sekunde, yaani kabla haijapata nafasi ya kuharibika, na melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, nayo kazi yake kubwa ni hiyohiyo.

Mwambie mtoto arudie, glasi moja atie sukari nyingine chumvi, ya sukari itaendelea kuwaka. Ila asiiangalie taa yenyewe, inaumiza macho.