Askari majeruhi na ndoana: anzeni kwenye nyasi, ziwa lije baadaye

Swali la wiki lilikuwa hili: "Ng'ambo askari waliojeruhiwa hufundishwa kuvua kwa chambo cha manyoya ili wapate nafuu. Je, Mwanza inawezekana, na mtu aanzeje?"

Inawezekana, ila si kwa kuanzia ziwani. Ukimchukua mtu mwenye bega lililopasuliwa ukampeleka moja kwa moja kwenye mawe ya Capri Point na kumkabidhi fimbo, uzi utamzonga mbele za watu na hutamwona tena.

Kwa wasiolijua jambo lenyewe: Marekani mwaka 2005, katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, ofisa mstaafu wa jeshi la majini aitwaye Ed Nicholson alianza kuwafundisha majeruhi uvuvi huu, na ndipo ikazaliwa Project Healing Waters. Nasi tunao wetu: wazee wa Vita vya Kagera vya 1978–79, na vijana waliojeruhiwa Semuliki, Kongo, Desemba 2017.

Kwenye mshipi wetu wa kawaida chubwi, ile risasi ya kuzamisha ndoana, ndiyo huvuta uzi kwenda mbali. Huku chambo ni unyoya tu, hakina uzito; kinachorushwa ni uzi wenyewe, mnene, uliopakwa plastiki ili uelee. Kwa hiyo nguvu hazihitajiki, kinachotakiwa ni kujua wakati wa kusubiri. Kiwiko kinakunjuka taratibu, vidole vya mkono wa pili vinavuta uzi, macho yanaufuata. Mtaalamu wa fiziotherapia aulizwe kwanza bega au mgongo unaruhusu nini. Na asitokee mtu wa kumwambia askari aache dawa au mshauri wake kwa sababu sasa anavua.

Tafuteni kiwanja cha nyasi. Lami na changarawe zinachuna uzi. Fimbo ya futi 9, uzi namba 5 au 6 (namba ikipanda, uzi ni mzito zaidi), na mbele yake nailoni ya mita 2.7, mwisho wa nailoni fungeni kishada cha sufi nyekundu badala ya ndoana. Vifaa hivi viagizwe, msitegemee maduka ya nyavu ya Kirumba. Toeni mita 9 za uzi nje ya ncha, si zaidi. Fimbo inapanda kutoka usawa wa macho hadi ipite sikio kidogo, inasimama ghafla, uzi unakunjuka nyuma mpaka unyooke, ndipo fimbo inarudi mbele na kusimama tena.

Makosa ni yaleyale kwa karibu kila mwanafunzi. Uzi ukianguka chungu nzima miguuni, fimbo haikusimama. Ukilia kama mjeledi, amerudisha mbele kabla haujanyooka. Hapo ndipo chambo hukatika, na mlio huo nyuma ya kichwa si wa kumsikilizisha mtu aliyetoka vitani. Mwambieni ageuze shingo autazame uzi unavyokunjuka nyuma. Kifundo cha mkono kikilegea, fungeni kitako cha fimbo na mkono kwa bandeji. Robo saa kurusha, kisha kupumzika. Jumla isizidi saa moja na nusu, maana bega hulalamika kesho yake.

Wa kiti mwendo afundishwe mrusho wa kubiringisha, usiopeleka uzi nyuma kabisa. Fimbo inavutwa polepole mpaka uzi uning'inie pembeni ya bega, inasimama, kisha inashushwa mbele kwa mkato mmoja na uzi unajibiringisha wenyewe. Mrusho huu unategemea maji kuushika uzi, kwa hiyo kwenye nyasi hautatoka hata mngejaribu siku nzima. Dawa yake: mtu mmoja asimame mbele akikanyaga ncha ya nailoni. Kiti kikae mshazari, kisitazame maji moja kwa moja, breki zifungwe na mawe yawekwe chini ya magurudumu.

Mwenye mkono mmoja huonekana kwenye video akivuta uzi kwa meno. Hapa msiige, maji ya ufukweni kwetu si ya kutia mdomoni. Fundi viatu anaweza kushona mfuko wa ngozi kwenye mkanda wa kiunoni. Kitako cha fimbo kikiingia humo, mkono unabaki huru kuvuta.

Siku za mvua, kaeni mezani mfunge chambo. Kazi hii ni nzuri kwa vidole kuliko kurusha, na wengi huipenda zaidi. Chambo cha kufanana na dagaa ni singa nyeupe za mkia wa mbuzi, urefu wa sentimita 5, na uzi wa cherehani. Bana ndoana, ponda kijino chake kwa plaizi kabla ya yote (ikivunjika, umepoteza ndoana tu). Zungusha uzi kutoka karibu na tundu hadi kwenye pindo na urudi, laza singa unene wa njiti ya kiberiti, kaza mizunguko kumi, funga fundo, paka rangi ya kucha. Kila anayeanza huweka singa nyingi mno. Chambo hakizami, na mara nyingi tundu limezibwa. Mwenye mikono inayotetemeka apewe ndoana kubwa na uzi mnene.

Sasa ziwa. Zile picha za Wazungu waliosimama majini hadi kiunoni zisahauni. Konokono wa kichocho wako kwenye fukwe zetu, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani. Simameni juu ya mwamba, gatini, au kaeni ndani ya boti pana. Mtumbwi mwembamba haufai, na arushe mmoja kwa zamu. Miwani kwa kila mtu. Jaketi okozi pia, hata kwa anayesema anajua kuogelea, kwa sababu mwili uliokatwa mguu hauelei kama zamani. Ajaribu kwanza kuelea nalo kwenye bwawa la kuogelea. Nendeni kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi. Mchana upepo hugeuka ukatoka ziwani, na ndoana inawarudia usoni. Habari za mamba na viboko waulizeni wavuvi wa mwalo huo.

Siku ya kwanza msitafute sangara. Furu wa kwenye mawe hukimbilia chambo kidogo cha ndoana namba 12, na mtu akipata furu wawili anarudi wiki ijayo. Sangara aje baadaye, kwa fimbo na uzi wa namba 8, sentimita 30 za mwisho ziwe nailoni ya milimita 0.6 kwa kuwa kinywa chake kinakwaruza. Aliye chini ya sentimita 50 arudishwe majini, na sato chini ya 25. Leseni iulizwe ofisi ya uvuvi mapema.

Msimjie mtu kwa nyuma. Kabla ya kuwasha injini, semeni. Aliyeumia kichwa apewe agizo moja kwa wakati. Mwiteni afande au mzee, kama anavyopenda, na habari za vita asiulizwe. Akitaka atasema mwenyewe. Na akisema amechoka na manyoya, anataka mboga ya nyumbani, mpeni mshipi wenye chubwi na minyoo.