Maswali na majibu: kibegi cha dharura kinachokaa kiunoni

Wiki tatu zilizopita niliandika kwamba mtu anayeingia msituni, anayepanda mlima au anayesafiri wakati wa masika hapaswi kutoka nyumbani bila vifaa vyake mwenyewe vya dharura. Maswali yaliyofuata yamekuwa mengi, na yale yanayofanana nimeyaunganisha.

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Majengo, Moshi. Mwezi ujao kikundi chetu cha kanisani kitakwenda kutembea msituni juu ya Marangu. Nimeona orodha za vifaa vya dharura zenye vitu hamsini. Je, vyote ni vya lazima, na nivibebe kwenye nini?"

Marahaba, kijana wangu. Vitu hamsini vinafaa kukaa kwenye gari au stoo ya nyumbani, lakini anayetembea kwa miguu atavibeba safari ya kwanza, na ya pili ataviacha. Nilipokuwa mpagazi katika Mlima Kilimanjaro nilikuwa na mfuko wangu wa vifaa, nimeufunga vizuri juu ya mzigo. Alasiri moja katika uwanda wa Shira nilitua mzigo kando ya njia, nikashuka na galoni kuchota maji kijitoni. Kabla galoni halijajaa ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni, na nilipogeuka sikuliona tena hata jiwe nililokuwa nimelikanyaga. Mfukoni nilikuwa na ufunguo wa chumba changu cha Pasua, basi. Tochi, kiberiti na sweta vilikuwa juu ya mzigo, pengine hatua mia moja tu kutoka nilipokuwa, na hatua hizo sikuthubutu kuzipiga kwa kuogopa korongo. Nilitolewa pale na wenzangu, waliogonga sufuria kwa mwiko kwa zaidi ya saa nzima mpaka nikaifuata sauti.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kufikiria kifaa chochote, tafuta kibegi cha kiunoni, ambacho hutalazimika kukivua unapotua mzigo wala unapokwenda haja. Soko la mitumba la Memorial halikosi vibegi vya namna hiyo. Kikishajaa kisizidi uzito wa nusu kilo ya sukari, kwa kuwa kikizidi hapo kitaanza kukuumiza, na kikikuumiza utakihamishia kwenye begi la mgongoni, na hapo utakuwa umerudi nilipokuwa mimi siku ile.

Vya kutia ndani huamuliwa na kinachoua haraka. Katika milima yetu baridi na kulowa hutangulia kiu, na kiu hutangulia njaa kwa mbali sana. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, hivyo ukiondoka Moshi, iliyo mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, ukafika Mandara, kambi ya kwanza ya njia ya Marangu, mita 2,720, umeacha nyuma zaidi ya nyuzi 11, na mvua ya msituni bado hujaihesabu. Basi weka kwanza kitu cha kuzuia upepo na mvua, yaani lile blanketi jembamba la kung'aa pamoja na kipande cha nailoni kinachokutosha kujifunika ukiwa umekaa. Fuatisha tochi ndogo ya kichwani, kwa maana huku kwetu karibu na ikweta jua likizama giza linaingia katika muda wa nusu saa hivi. Kisha weka kipenga, kiberiti cha gesi na kitu cha kuwashia, vidonge vya kutibu maji, bandeji moja pana, plasta chache, kisu kidogo cha kukunja na mita tano za kamba nyembamba. Ongeza dawa zako za kila siku kama unazo, za siku mbili, pamoja na karatasi yenye jina lako na namba mbili za ndugu, iliyoandikwa kwa penseli kwa sababu wino hutoka ukilowa. Noti ndogondogo za kulipia bodaboda ziwepo pia, maana mtandao ukikatika pesa iliyo kwenye simu haitakusaidia.

"Sisi wa Ngaramtoni kila mtu ana shuka. Kuna haja gani ya kununua blanketi la kung'aa?"

Shuka ni kitu kizuri, na sitamwambia mtu aliache. Linafunika, linabeba mtoto, linatengeneza kombeo la mkono uliovunjika, na ukilifunga kwenye miti miwili imara linambeba majeruhi. Hata hivyo angalia limefumwa kwa uzi gani. Shuka la sufu, au la uzi wa viwandani unaofanana na sufu, hubakiza joto kiasi hata likilowa, ilhali la pamba, kama ilivyo kanga, likishika maji hunyonya joto la mwili. Tena hakuna shuka linalozuia mvua. Blanketi la kung'aa halishiki maji, huzuia upepo na kurudisha sehemu ya joto la mwili wako, na likikunjwa huenea kiganjani, lakini huchanika upesi likiguswa na mwiba.

Ushauri wangu ni kuvitumia pamoja: shuka ndani, nailoni nje, na blanketi la kung'aa katikati kama unalo. Nailoni nzuri ni ile nyeusi nzito inayouzwa kwa mita katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Wasomaji wawili wameniuliza kama si kosa kuwa nayo. Marufuku iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 inahusu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, wala haiigusi nailoni ya ujenzi. Na usisahau chini: ardhi yenye unyevu hunyonya joto kuliko wengi wanavyodhani, kwa hiyo kusanya majani makavu au matawi, uyalundike, ukae juu yake, ndipo ujifunike.

"Ninaishi Kibosho. Kiberiti changu hulowa kila ninapoingia msituni. Nifanyeje?"

Yeyusha mshumaa na uchovye vichwa vya njiti kwenye nta, kisha uziweke katika kichupa cha dawa chenye kifuniko cha kuzungusha pamoja na kipande cha ubavu wa kiberiti. Hata hivyo ninakipenda zaidi kiberiti cha gesi, mradi ukiweke ndani ya shati, kwa kuwa kwenye baridi kali gesi yake haipandi na kitatoa cheche tupu mpaka ukipashe joto kwapani.

Shida halisi mara nyingi haiko kwenye kiberiti, iko kwenye kuni zilizolowa. Chukua pamba kiasi cha gololi kubwa na uikande kwa mafuta ya mgando, lakini usiimalize yote: acha nyuzi kavu katikati. Siku ya shida ivute mpaka ichambuke kama nywele, kisha ushikishe moto kwenye zile nyuzi kavu. Zitawaka mara moja, mafuta yatayeyuka na kupanda polepole kama yanavyopanda kwenye utambi, na utapata mwali wa dakika kadhaa, muda unaotosha kukausha na kushika vijiti vyembamba. Mtu akiilowesha pamba yote kwa mafuta haitashika. Nimewaona wanafunzi wangu wengi wakikosea hapo hapo, na hukosea kwa sababu hawakuwahi kuijaribu nyumbani.

Ninaongeza neno zito. Ndani ya hifadhi za taifa hairuhusiwi kuwasha moto wa kuni kiholela, na sababu yake tumeiona kwa macho yetu: Oktoba 2020 moto uliunguza eneo kubwa la Kilimanjaro, na Oktoba 2022 ukazuka tena upande wa Karanga. Moto wa kibegi ni wa kuokoa maisha, baada ya nguo na nailoni kushindwa. Uwashe mahali palipo wazi, ukiwa umefyeka nyasi kavu kuuzunguka.

"Mimi ni mkazi wa Maji ya Chai. Nikitumia vidonge vya kutibu maji, je, vinaondoa na floridi?"

Haviondoi, na kuchemsha pia hakuiondoi. Klorini iliyo katika vidonge huua vijidudu, lakini floridi ni madini yaliyoyeyuka kutoka katika miamba ya volkano ya Mlima Meru, na maji yanavyozidi kupungua jikoni ndivyo floridi inavyozidi kukolea katika yaliyobaki. Madhara yake, meno ya kahawia na mifupa inayopinda, huja kwa kunywa maji hayo miaka mingi, na wanaoumia zaidi ni watoto ambao meno yao ya kudumu bado yanajijenga. Kwa hiyo katika dharura ya siku moja au mbili usikae na kiu kwa kuhofia floridi. Ua vijidudu, unywe, ukifika nyumbani urudi kwenye maji yako ya kawaida. Kwa matumizi ya kila siku ni jambo jingine: tafuta chanzo chenye floridi kidogo, au uulizie Ngurdoto, ambako kuna kituo kilichofanyia kazi kwa miaka mingi uchujaji wa floridi kwa mkaa wa mifupa.

Kuhusu vidonge vyenyewe, soma pakiti kabla ya kulipa. Vingi vinavyouzwa mjini ni vya ndoo ya lita 20, na kukimega kidonge kwa kukisia ili kitoshe chupa ya lita moja ni hatari, kwani dawa inaweza kuwa pungufu au kupita kiasi. Ulizia vile vya lita moja. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kisha tia kidonge na usubiri muda ulioandikwa, ambao kwa kawaida ni dakika 30. Ukichemsha, yaache yatokote dakika moja, na ukiwa juu ya mita 2,000 yaache dakika tatu, kwa sababu huko maji huchemka kabla hayajafikia joto la nyuzi 100.

"Nina simu nzuri na pawabenki. Kipenga cha nini?"

Kipenga hakiishiwi chaji, hakihitaji mnara, na mtu aliyekaukiwa koo au aliyevunjika mbavu anaweza kukipuliza pale asipoweza kupiga kelele. Katika milima mingi duniani ishara ya kuomba msaada ni milio sita ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, kisha milio sita tena, na anayekusikia hujibu kwa milio mitatu. Kubalianeni na wenzako kabla ya kuondoka, kwa maana mlio usioeleweka watu hudhani ni wachunga ng'ombe.

Simu ibebe pia. Iweke karibu na mwili, kwani baridi hudhoofisha betri, na usiitumie kupiga picha mpaka ikazima. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Kama mtandao ni hafifu andika ujumbe mfupi, maana mara nyingi hupita pale simu inapokataa. Muhimu kuliko hayo yote, mwachie mtu nyumbani maandishi ya njia unayopita na saa unayotarajia kurudi.

"Jiwe la nyoka niliweke kwenye kibegi?"

Hapana. Haliondoi sumu, na linachofanya ni kukupotezea muda. Mtu aliyeumwa na nyoka atulizwe, avuliwe pete na bangili kabla uvimbe haujaanza, kiungo kilichoumwa kifungwe kwenye kijiti kisitikisike kama unavyofunga mfupa uliovunjika, kisha abebwe kwenda hospitali. Usichanje, usifyonze, usikaze kamba. Sumu ya moma huharibu nyama ya mwili, na kamba iliyokazwa inaweza kumfanya mtu apoteze mguu ambao ungepona.

"Na chakula?"

Karanga na kipande cha sukari guru vinatosha. Mwenye kisukari anayetumia insulini asikose sukari ya haraka, kwa kuwa kwake hiyo ni dawa.

"Mimi ni mama wa watoto wawili, Ngarenaro, Arusha. Wanakwenda shule kwa miguu, na masika yananitia hofu. Je, mtoto anaweza kuwa na kibegi chake?"

Anaweza, mama, na kiwe chepesi sana: kipenga kilichofungwa kwenye mkoba wa shule, kadi yenye jina lake na namba zenu mbili iliyozungushiwa selotepu, na nailoni uliyoitoboa tundu la kichwa. Asipewe kisu, kiberiti wala vidonge.

Hata hivyo ningekudanganya kama ningekuacha uamini kwamba kibegi hicho kitamvusha korongo. Maji yanayokwenda kwa kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, sembuse mtoto, na mvua inapokuwa imenyesha kwenye miteremko ya Meru korongo la mjini linaweza kujaa huku juu ya kichwa chako jua linawaka. Tembea nao njia yote siku isiyo na mvua, uwaonyeshe kila kivuko, na uwaambie waziwazi kwamba maji yakiwa ya kahawia na yakienda mbio wasivuke hata kama wenzao wanavuka, hata kama watachelewa, na kwamba hawatachapwa kwa kuchelewa. Zungumza na mwalimu wao kuhusu hilo, na umtafute jirani wa kila upande wa kivuko ambaye watoto watamsubiria kwake. Watoto wengi huingia majini kwa kuogopa adhabu, na hofu hiyo ni sisi wazazi na walimu tunaoweza kuiondoa.

"Nikikifunga, nikikague baada ya muda gani?"

Mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari kabla ya masika na mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli. Angalia tarehe za dawa na vidonge, toa betri za tochi ukague kama hazijavuja, bonyeza kiberiti cha gesi, vuta ncha ya plasta uone kama gundi bado inashika, na ufungue blanketi la kung'aa, kwa kuwa huanza kupasuka kwenye mikunjo. Kisha subiri usiku, zima taa, jifunge kibegi na utafute kwa mkono wa kushoto peke yake kipenga halafu tochi. Kama umevikosa, au umelazimika kumwaga vitu sakafuni ili uvipate, vihamishie mfuko wa mbele na ujaribu tena kabla ya kulala.