Jogoo mweupe, vifaranga weusi: majibu ya maswali yenu kuhusu rangi za kuku

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya rangi. Nimechagua yale ambayo jibu lake linasaidia bandani. Rangi ipi ina bahati na ipi ina mkosi, hilo nawaachia wenyewe.

Jogoo wangu mweupe pee, tetea naye mweupe pee, lakini vifaranga kadhaa wametoka weusi. Mume wangu anasema tetea amepandwa na jogoo wa jirani. Nani mkweli? (Mama mfugaji, Mbagala)

Dada yangu, mnaweza kuwa wakweli wote wawili. Kuku huwa mweupe kwa njia zaidi ya moja. Upo weupe wenye nguvu, ule wa kuku wa Leghorn: kifaranga akiupata kwa mzazi mmoja tu, rangi nyeusi yote inafunikwa. Ni chokaa juu ya ukuta. Chini yake ukuta una rangi yake ya zamani. Upo pia weupe wa kujificha, ambao hauonekani mpaka kifaranga aupokee kwa baba na kwa mama.

Sasa, ikiwa jogoo na tetea wako wana weupe wenye nguvu, lakini kila mmoja aliurithi upande mmoja tu, kwa wastani kifaranga mmoja kati ya wanne atakosa chokaa na kutoka na rangi ya chini. Kama mmoja wao ni wa aina hiyo na mwenzake ni wa weupe wa kujificha, hata nusu ya vifaranga wanaweza kuwa na rangi. Wote wakiwa wa weupe wa kujificha, watoto ni weupe watupu. Hapo akitokea mweusi, mume wako ameshinda kesi.

Na huyo jogoo wa jirani msimpuuze. Tetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini, kwa hiyo anaweza kuendelea kutaga mayai yenye mbegu wiki mbili, hata tatu, baada ya kupandwa. Kwa mitaa yetu, ambako ua ni mabati matatu na kamba, baba halisi anaweza kuwa yeyote. Mfungie tetea peke yake wiki tatu, kisha umwingizie jogoo wako, ndipo uanze kuweka mayai ya kuatamia. Mbegu za zamani zikiisha, zimeisha. Yale maneno kwamba tetea akishapandwa na jogoo mbaya "damu imeharibika" mpaka mwisho wa maisha yake hayana ukweli.

Nina mashine ndogo ya kutotolesha. Wateja wanataka vifaranga majike tu wa siku moja. Nimesikia rangi inaweza kuwatenganisha. Ni kweli? (Chanika)

Ni kweli, na hili ndilo swali lenye hela kuliko yote ya leo, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kwa kuku, mama ndiye anayeamua jinsia ya mtoto, si baba. Jogoo ana kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) mbili za Z. Tetea ana Z moja na W moja. Tetea akimpa mtoto Z, anatoka jogoo. Akimpa W, anatoka jike. Maana yake Z ya mama huenda kwa watoto wa kiume tu, na binti hupata Z yake kwa baba peke yake. Rangi yoyote iliyobebwa na Z, binti ameirithi kwa baba, hata angefanana na mama vipi kwa mengine.

Mistari ya nyeusi na nyeupe, ile ya Plymouth Rock ambayo wengi husema "rangi ya kanga", imebebwa na Z. Chukua matetea wenye mistari hiyo, uwape jogoo asiye na mistari: mweusi wa Australorp, wale tunaowaita kuku wa Malawi, au mwekundu wa Rhode Island. Mama anawapa mistari wanawe wa kiume tu. Siku ya kutotolewa, vifaranga wote ni weusi, lakini wa kiume wana doa jeupe utosini na majike hawana. Tazama utosi, tumbo lina weupe kwa jinsia zote na limewadanganya wengi.

Watu hukosea sehemu tatu. Ya kwanza ni kugeuza: jogoo mwenye mistari na matetea weusi. Ukifanya hivyo watoto wote wanapata mistari, na hutenganishi kitu. Ya pili ni kutumia jogoo mweupe, kwa sababu chokaa niliyoitaja juu inaweza kufunika kila kitu. Jogoo mwekundu mwenye mkia mweusi kweli kweli ni salama zaidi. Ya tatu ni kuendelea na kizazi kinachofuata. Ukiwapandisha vifaranga hao wao kwa wao, mistari itatokea kwa baadhi ya majogoo na baadhi ya majike vilevile, na alama imepoteza kazi. Lazima urudi kwa wazazi wa mwanzo kila mara, na ukizingatia bei ya kuku wa mbegu safi, piga hesabu kabla ya kuwaahidi wateja.

Wale kuku wa mayai wa kahawia mnaowanunua kwa maboksi, kama ISA Brown na Lohmann Brown, hutenganishwa kwa mbinu ya ukoo huo huo: baba ana wekundu, mama ana rangi ya fedha inayobebwa na Z. Vifaranga majike hutoka kahawia, majogoo hutoka njano iliyopauka. Kwa hiyo mtu akikuuzia boksi la "majike" na nusu yao ni njano, unajua la kumwambia.

Nilinunua jogoo na tetea wote wa kijivu kwa bei mbaya. Watoto wametoka kijivu, weusi na weupe wenye madoa. Nimetapeliwa? (Kigamboni)

Hapana. Kijivu hicho, wengine hukiita bluu, ni dozi moja, yaani ya mzazi mmoja tu, ya kinasaba kinachofifisha weusi. Dozi mbili zinampa kuku weupe mchafu wenye madoa. Kijivu kwa kijivu huleta, kwa wastani, robo weusi, nusu kijivu, robo wa madoa. Ukitaka vifaranga wote wawe kijivu, mpandishe mweusi na yule wa madoa. Usiwauze hao wa madoa kwa bei ya kutupa pale sokoni Shekilango. Ndio mtaji wako.

Kidimu kwa kidimu nipandishe? (Gongo la Mboto)

Usifanye hivyo. Kidimu, yule kuku wa manyoya yaliyojikunja, si suala la rangi, ila nimeulizwa mara nyingi mno. Kuku mwenye dozi mbili za ukidimu huwa na manyoya membamba yanayokatika, na wengine hubaki karibu uchi. Mpandishe kidimu na kuku wa manyoya ya kawaida. Nusu ya watoto watakuwa vidimu wazuri. Kishingo, yule wa shingo isiyo na manyoya, ni tofauti: mwenye dozi mbili yuko salama, na kwa joto la Dar ananufaika, maana manyoya yake yanaweza kupungua kwa hadi asilimia 40. Mwenye dozi moja utamtambua kwa kishada cha manyoya mbele ya shingo.

Tetea wangu alikuwa mweusi mwenye madoa machache. Kila akinyonyoka manyoya anazidi kuwa mweupe. Anaumwa? (Tegeta)

Kama anakula na kutaga, haumwi. Kuku wengi wa madoa huzidi kuwa weupe kila wanapobadili manyoya.

Kuku mweusi ana mayai bora na kiini cha njano zaidi? (Kimara)

Kiini hufuata chakula: majani mabichi na mahindi ya njano, si manyoya. Hata ngozi ina njia yake. Kuku wa Silkie mweupe kama pamba, ukimnyonyoa unakuta ngozi nyeusi tii.