Kabla ya lenzi ya pili, nunua diski

Mabinti wanaotaka kuanza kazi ya kupiga picha za harusi hapa Unguja huniuliza kwanza habari za kamera: aina gani, lenzi gani, bei gani. Hayo nayajibu haraka. Kamera yoyote ya kubadilisha lenzi yenye megapikseli 20 au 24 inatosha kuanzia, hata kama imetumika, mradi iwe nzima. Ninalokaa nalo muda mrefu zaidi ni kazi inayoanza kamera ikishazimwa: kompyuta, diski, na namna ya kushika faili. Hapo ndipo picha za watu zinapopotea, au zinapofika mikononi mwa wasiohusika.

Sisi tunaopiga upande wa wanawake tuna dhima kubwa. Kwenye hina na kwenye ukumbi wa kina mama, watu wamevua mabuibui, wamesuka, wamejipamba, kwa sababu wanajua hakuna mwanamume anayewaona. Wewe na kamera yako mmekaribishwa ndani. Tangu dakika hiyo umebeba sitara za watu, na utazibeba kwenye memori kadi, kisha kwenye laptopu, kisha kwenye flashi utakayomkabidhi bi harusi. Kila hatua ina mlango wake wa kufunga, na milango hiyo inafungwa kwa kujua kompyuta. Lenzi ya bei mbaya haiwezi kukusaidia hapo.

Kompyuta ya kuanzia iwe laptopu. Ya mezani hukupa nguvu zaidi kwa fedha ile ile, lakini umeme ukikatika wakati unanakili picha, faili inayoandikwa dakika ile inaweza kuharibika. Aliyekuwepo Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, tulipokaa kama miezi mitatu bila umeme wa kutoka bara, anajua thamani ya kitu chenye betri. Kama ya mezani unayo tayari, itumie, ila iwekee UPS, yaani betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika.

RAM, yaani kumbukumbu ambayo kompyuta huitumia inapofanya kazi, GB 8 ndiyo kiwango cha chini. Ukipata GB 16 utafanya kazi kwa raha. Diski ya ndani iwe SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka. Ukikuta laptopu nzuri yenye diski ya kuzunguka, kumlipa fundi akubadilishie aweke SSD ni fedha iliyotumika vizuri, kwani mashine iliyokuwa ikikokota itaamka. Kioo kiwe cha IPS: kaa mbele yake, kisha sogea pembeni, na rangi ya uso wa mtu isibadilike. Kwa mashine zilizotumika, uliza pia prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ni ya kizazi gani. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka kwa kawaida prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8. Laptopu nyingi za bei rahisi ni za kizazi cha 6 na cha 7, na muuzaji hatakwambia usipomuuliza.

Sasa memori kadi. Nunua mbili za GB 64 badala ya moja ya GB 128, ili ikifa moja usipoteze harusi nzima. Kadi za bandia ni nyingi. Imeandikwa GB 128 na ndani mna GB 8 tu. Unapiga, kamera haisemi kitu, kisha picha za baadaye hazifunguki. Kadi mpya isiende kwenye kazi ya mtu kabla hujaipima kwa programu ya bure inayoitwa H2testw, ambayo huijaza kadi mpaka mwisho kisha huisoma tena kuhakikisha kilichoandikwa kimo. Nunua na kifaa cha kusomea kadi cha USB 3. Ni kidogo na si ghali. Harusi ya GB 20 kwa njia ya USB 2 huchukua kama dakika 10. Kwa USB 3 na kadi ya kasi, hupungua hadi dakika 4 hivi. Ukirudi ukumbini usiku wa manane umechoka, tofauti hiyo ndiyo inayokufanya unakili kabla ya kulala.

Wapi natoa hiyo GB 20? Kamera ya megapikseli 24 ikipiga RAW, yaani faili ghafi kabla kamera haijaipika, kila picha huwa kama MB 25. Picha 800 ni GB 20. Mwenye harusi 40 kwa mwaka anahitaji GB 800, na hiyo ni nakala moja tu. Fanya hesabu hii na karatasi kabla hujatamani lenzi ya pili. Diski ya nje ya TB 1 ndiyo kitu cha pili unachotakiwa kununua baada ya kamera, na diski nyingine kama hiyo ndiyo kitu cha tatu.

Wengine watakwambia piga JPEG, yaani faili ambayo kamera imeshaipika na kuibana, ni nyepesi. Kweli ni nyepesi, na kwa sherehe ya mchana barazani inatosha. Lakini kumbi zetu za usiku zina taa za zambarau, kijani na buluu zinazozunguka, na bi harusi amepakwa hina nyekundu na piko nyeusi na kuvikwa dhahabu. JPEG hubeba ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. RAW ya biti 14 hubeba 16,384. Uso ukitoka wa zambarau kwenye RAW unaweza kuurudisha kwenye rangi yake. Kwenye JPEG unabaki na madoa. Kwa hiyo piga RAW, na gharama yake ilipie kwenye diski.

Ujuzi wenyewe wa faili ni mdogo, ila lazima ukae mkononi kama mazoea. Weka saa ya kamera sawasawa kabla ya kutoka nyumbani. Kamera huhesabu kuanzia saa sita usiku, kwa hiyo saa mbili za usiku kwake ni 20:00. Anayeirekebisha saa akiwa ukumbini na kuweka 2:00 atakuta picha za ukumbini zimejipanga kabla ya picha za saluni. Mkiwa wapiga picha wawili, saa za kamera zote mbili ziwe sawa hadi dakika, la sivyo bi harusi ataonekana ameketi jukwaani kabla hajaingia mlangoni.

Ukifika nyumbani, nakili, usihamishe. Ctrl+C, kamwe si Ctrl+X. Ukihamisha na waya ukachomoka, unaweza kukosa huku na huku. Nakili kwenye laptopu, nakili kwenye diski ya nje, fungua picha za mwanzo, za katikati na za mwisho uhakikishe zinaonekana, ndipo kadi uifomati, na uifomati ndani ya kamera. Kila kadi iwe na folda yake. Hili nalisisitiza kwa sababu kamera nyingi hutoa majina ya faili kwa namba nne, na ikifika 9999 inarudi 0001. Kadi mbili za kamera mbili zinaweza kuwa na picha zenye jina moja. Ukizimimina pamoja, kompyuta inakuuliza kama ubadilishe faili iliyopo. Ukibofya kukubali bila kusoma, picha za hina zimefunikwa na picha za ukumbini.

Jina la folda lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2025-04-19-hina-A, 2025-04-19-ukumbi-B, herufi ya mwisho ikitaja kadi. Kompyuta hupanga herufi kwa herufi, kwa hiyo ukianza na siku, tarehe 3 za miezi yote zitakaa pamoja na utatafuta mpaka uchoke. Jina la bi harusi usiliandike hapo. Liandike kwenye daftari pamoja na namba ya kazi, na daftari likae ndani. Laptopu huibiwa, huazimwa, hufunguliwa na wadogo zetu wanaotaka kucheza gemu. Folda isiwe yenyewe inamtaja mtoto wa watu.

Na hapa nataka tukae kidogo, maana wengi hawalijui. Ukifuta picha kwenye kadi, flashi au diski ya kuzunguka, kwa kawaida haijaondoka. Kufuta ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu. Sura zote bado zimo ndani mpaka ziandikwe nyingine juu yake. Jambo hili lina heri na lina shari. Heri yake: ukifuta kwa bahati mbaya, au ukafomati kadi kabla ya wakati, usipige tena hata picha moja kwa kadi hiyo. Itoe, iweke pembeni, kisha tumia PhotoRec, programu ya bure, na mara nyingi utazipata nyingi au zote. Shari yake: kadi uliyoiuza, flashi uliyoiazima, laptopu uliyoipeleka kwa fundi, vyote vinaweza kutoa picha ulizodhani zimekwisha. Kwa hiyo kadi ya harusi haiuzwi wala haiazimwi. Ikizeeka, ikate kwa mkasi. Laptopu kabla ya kwenda kwa fundi, picha za kina mama zihamie kwenye diski ya nje na diski ibaki nyumbani. Diski yenyewe ifunge kwa nywila kwa programu ya VeraCrypt, nayo ni ya bure. Nywila ukiisahau hakuna wa kukufungulia, basi iandike mahali anapojua mama yako au mtu unayemwamini kwa siri za ndani.

Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae nyumba nyingine. Kanuni hii inajulikana duniani kote, na inafanya kazi Jang'ombe kama inavyofanya kazi pahala pengine. Nyumba yako ikipata moto au mafuriko ya masika, diski iliyoko kwa dada yako Mkoani, Pemba, iko salama. Kupeleka kila kitu kwenye intaneti si rahisi kwa bando zetu: GB 20 kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde ni kama saa 9 za kupandisha bila kukatika. Pandisha zile JPEG zilizochaguliwa tu, na kwanza muulize mwenye harusi kama yuko radhi picha zake zikae huko.

Barabara ya Kenyatta, Mji Mkongwe, iko studio ya picha ya Capital Art Studio, aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaja kuiendeleza. Kwa kuwa familia ile ilitunza filamu zake, leo tunaiona Unguja ya kabla ya Mapinduzi ya 1964, watu na mavazi yao na mitaa. Filamu ukiiinua kwenye mwanga unaona kilichomo hata baada ya miaka 60. Faili haionekani kwenye mwanga, na diski inaweza kufa siku moja bila dalili. Nasi pia tunapiga picha za mji bila kukusudia. Harusi iliyopigwa Forodhani na jumba la kale la Beit al-Ajaib likiwa zima nyuma yake, kabla ya sehemu ya jengo lile kuporomoka tarehe 25 Disemba 2020, sasa ina thamani kwa wengi kuliko familia ile peke yake.

Programu za kuhariri zisikuumize kichwa. Darktable na RawTherapee zinafungua RAW, GIMP inafanya kazi ya kusafisha picha moja moja, na zote hazilipiwi. Lightroom ni nzuri, nayo inalipiwa kila mwezi. Ingoje mpaka kazi ikuingizie. Za kupewa kwenye flashi mitaani, zilizovunjwa kufuli, kaa nazo mbali kabisa. Ukiacha kwamba ni mali ya mtu, virusi huingia kwa mlango huo, na kompyuta yako ina picha za watu.

Unapohariri, geuza kioo kisitazame dirisha, na punguza mwanga wake. Kioo kikiwa kikali utaifanya picha iwe na giza ukidhani iko sawa, na karatasi itakapotoka kwa mchapishaji ndipo utakapojua. Unyevu na chumvi navyo havichagui: kamera, lenzi na diski zikae kwenye kasha la kufunga vizuri lenye vile vipakiti vya kukausha unyevu, maana lenzi ikiota ukungu ndani ni kazi ya fundi.

Ukikabidhi kazi, mpe bi harusi flashi mkononi mwake mwenyewe. Akitaka kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, kwa sababu ukituma kama picha inabanwa na ubora unashuka. Kumbuka pia kwamba dokumenti hubeba taarifa zote za faili, na kama ulipiga kwa simu yenye lokesheni imewashwa, mahali nyumba ilipo pamo ndani. Izime lokesheni kwenye kamera ya simu kabla ya kwenda kazini. Picha ya kuweka kwenye ukurasa wako wa Instagramu omba ruhusa kwa kila sura inayoonekana, ikiwemo ya shangazi aliyepita nyuma.

Muda wa kujifunza haya upo. Harusi zinajazana Rajabu na Shaabani, kisha Ramadhani kazi inasimama mpaka Mfunguo Mosi. Mwezi ule, baada ya tarawehe, chukua picha za nyumbani, za paka na za futari, uzinakili, uzipe majina, uzifute, uzirudishe kwa PhotoRec, mpaka mkono uzoee. Na kama umeshaanza kazi, toa diski zote za zamani, ziunganishe moja moja, fungua folda za kila mwaka utazame kama picha bado zinafunguka. Diski inayochelewa kuitika au inayotoa mlio wa kugonga, nakili kilichomo usiku huo huo.